Orodha ya Tasa ya Mwalimu Elkana

Mwalimu Elkana aliletwa shuleni kwetu Januari mwaka 1994, akitokea upande wa Ndhiwa huko Homa Bay. Alikuja na baiskeli, sanduku la bati, na rula ya mbao ya mita moja aliyoizungushia magazeti kana kwamba ni kioo. Shule yenyewe iko mlimani juu ya Isebania, mwendo wa dakika arobaini kutoka barabara ya lami. Yeye alipewa hesabu, darasa la tano hadi la nane. Mimi nilikuwa na darasa la tatu. Kati ya chumba changu na cha darasa la tano palikuwa na ukuta wa mbao ambao fundi aliuachia usawa wa kichwa, akasema atarudi. Hajarudi. Kwa hiyo mengi ya haya nitakayosimulia niliyasikia kwa masikio yangu, na mengine niliyaona kwa kuchungulia, maana mimi si mfupi.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mrefu, mwembamba, hajaoa, na hakuwa na haraka ya jambo lolote isipokuwa kengele ya asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kisafi, ila ulimi wa kwao ulikuwa umemnyima sauti ya "sh". Alisema "isirini" na "sule". Watoto walimwiga uwanjani, akawasikia, akawaacha. Kitu ambacho hakuweza kukiacha kipite ni namba isiyo ya kweli. Mwezi wa Februari tulifanya harambee ya kujenga vyoo, na mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba waliohudhuria ni zaidi ya elfu moja. Mwalimu Elkana alisimama kwenye safu ya walimu, akasema kwa upole kwamba watu ni mia tatu na kumi na wanne, na kwamba amehesabu mara mbili kwa sababu watoto walikuwa wakikimbia. Mwalimu mkuu wetu, Nicodemus, alimvuta koti mpaka akaketi.

Huyu Nicodemus alikuwa mtu mwema aliyemwogopa mkaguzi kuliko wazazi, na wazazi kuliko mkaguzi, kutegemea nani alikuwa karibu.

Shida ilianzia kwenye mtihani wa muhula wa kwanza. Karatasi zililetwa za Kiingereza, na swali moja liliwataka watoto wazungushie duara zile namba wanazoziita praimu. Kati ya watoto arobaini na watatu wa darasa la tano, waliopata walikuwa wawili, na wawili hao walikuwa wakikaa dawati moja. Mwalimu Elkana akawauliza darasani praimu ni nini. Wakaimba maana yake kwa Kiingereza wote pamoja, vizuri sana, bila kuacha neno. Akawauliza kama thelathini na saba ni praimu. Mmoja akaeleza kwamba hiyo hawajaifikia, kwa sababu mwalimu wa mwaka jana alihama akiwa kwenye thelathini na moja. Msichana mmoja, Damaris, akanyoosha mkono na kusema hizo praimu hazipatikani Kenya. Alikuwa amesikia kwenye redio kwamba Tanzania wana Praimu Minista, sisi hatuna.

Mimi niliinama nyuma ya ukuta nikajifanya natafuta chaki.

Lakini Mwalimu Elkana hakucheka. Jioni hiyo ofisini alisema watoto hawana kosa. Darasa lile lilikuwa na Wakuria, Wajaluo, Wakisii, na wengine waliovuka mpaka kila asubuhi kutoka Sirare. Kiingereza kwao kilikuwa cha kuimba. Kiswahili ndicho walichogombania mpira, kwa hiyo ndicho walichofikiria. Akaamua atawaeleza praimu kwa Kiswahili, halafu Kiingereza kitafuata. Tatizo likawa kwamba yeye mwenyewe hakujua praimu kwa Kiswahili ni nini, wala sisi wengine. Nicodemus alipendekeza "namba za kwanza". Tukamwuliza ya kwanza si ni moja tu. Akarudi kwenye chai yake.

Jibu lilitoka dukani kwa Noordin. Noordin alikuwa mfanyabiashara aliyehamia Isebania kutoka Isiolo miaka mingi nyuma, akauza sukari, chumvi, mafuta ya taa na kila kitu kinachopimika. Sukari ya robo aliifunga kwenye karatasi aliyoikunja mfano wa pembe, na karatasi hizo alizipata popote zilipopatikana. Jumamosi moja Mwalimu Elkana alifika nyumbani, akamimina sukari kwenye kopo, akaikunjua karatasi ili apate kuitupa. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili: namba tasa ni namba yenye vigawo viwili tu, yaani moja na namba yenyewe. Ilikuwa karatasi ya kitabu cha hesabu cha Tanzania. Damaris alikuwa amesema kweli, praimu zilikuwa huko.

Alipanda baiskeli akateremka tena mjini huku jua likimchoma utosi. Alimkuta Noordin akila wali. Akamwonyesha karatasi, akamwuliza iliyobaki iko wapi.

"Ungekuja Alhamisi, mwalimu," Noordin alimjibu. "Vigawo vimeenda na sukari. Hizi zilizobaki nilizitunzia chumvi."

Kitabu kilikuwa kimebaki chini ya nusu. Noordin hakutaka malipo, alitaka karatasi, kwa sababu chumvi bado ilikuwepo na wateja walikuwa wanakuja. Basi wakabadilishana kwa mizani: Mwalimu Elkana alileta magazeti yake yote, pamoja na yale aliyoizungushia rula, na Noordin akaweka kitabu upande wa pili hadi mizani ikalala sawa.

Wiki hiyo nzima nilimsikia akijifunza kwa sauti. Kigawo na kigawe vilimtesa. Tatu ni kigawo cha kumi na mbili, na kumi na mbili ni kigawe cha tatu, na kati ya baba na mwana kuna herufi moja tu ya kuwatenganisha. Siku ya kwanza aliwachanganya mpaka watoto wakaanza kumsahihisha. Lakini alipofika kwenye neno "tasa", mambo yalikuwa mepesi mno. Aliwauliza nani anajua tasa ni nini, na kwa mara ya kwanza mwaka ule mikono yote arobaini na mitatu ikapanda juu. Ng'ombe tasa. Kuku tasa. Kila boma lilikuwa na mfano wake.

Mwalimu akafurahi, na furaha ndiyo iliyomponza. Akaachana na lugha ya kitabu akaingia kwenye ya bomani. Aliwaambia kumi na mbili ana watoto sita. Isirini na nne ana wanane. Saba ni tasa, maskini, ana moja na yeye mwenyewe tu. Watoto walikuwa wakiitikia kama wako kanisani. Mmoja akauliza, na moja je? Mwalimu akafikiri, akasema moja si tasa wala si mzazi, yeye kigawo chake ni kimoja tu, amekaa peke yake.

"Basi huyo ni padre," mtoto akasema, na darasa lote likakubali.

Kabla ya kengele akawapa kazi ya nyumbani. Niliisoma ubaoni kwa macho yangu, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: Orodha ya tasa, 1 hadi 60. Akawaandikia zote wanakili na kuzihakikisha nyumbani kwa kugawa moja moja. Ilikuwa Ijumaa.

Sasa, lazima nieleze habari ya milango. Miezi mitano kabla ya hapo, vijana wenye kofia na mkebe wa rangi nyekundu walikuwa wamepita kijijini wakaandika namba kwenye kila mlango, kuanzia moja hadi sitini na mbili, wakaondoka zao. Hakuna aliyeelezwa ni za nini. Wengine walisema ni za umeme, wengine za kodi. Watu walikuwa wameishi na namba hizo miezi yote mitano wakingoja maelezo. Ijumaa hiyo jioni maelezo yakafika, nakala arobaini na tatu, kila moja kwenye mkoba wa mtoto.

Aliyeanza kuyasoma alikuwa Mzee Maroa, mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa akipita karibu na nyumba ya Nyasuguta, mwanamke wa Kisii aliyeolewa huku zamani, mjane, muuza nyanya. Nyasuguta hakuwahi kupata mtoto. Damaris alikuwa binti wa marehemu dada yake, naye ndiye aliyemlea. Mwenyekiti alimkuta msichana amekaa kizingitini anaandika, chini ya namba nyekundu ishirini na tatu, akaomba daftari ili aone maendeleo ya elimu. Akasoma kichwa cha habari. Akateremka na kidole chake mpaka kwenye kumi na moja, ambayo ndiyo ilikuwa namba ya mlango wake.

"Kumi na moja pia?" akauliza.

"Kumi na moja kabisa," Damaris akamjibu.

Mzee Maroa alikuwa na wake wawili na watoto kumi na watatu. Alirudisha daftari, akaenda nyumbani, akawaita watoto wote nje, akawahesabu.

Kufikia Jumamosi saa nne asubuhi hapakuwa na mtu asiyejua kwamba serikali imetoa orodha ya nyumba tasa, kwamba imeletwa kwa siri kupitia kwa mwalimu wa hesabu, na kwamba kuna sindano inakuja. Waliobishana walibishana juu ya jambo moja tu: kama walio kwenye orodha ni tasa tayari, au ndio watakaofanywa tasa. Nyumba ya sitini na moja na ya sitini na mbili, ambazo orodha haikuzifikia, hazikujua zishukuru au zilalamike. Kerosi seremala, aliyekaa peke yake kwenye namba arobaini na nane na hajawahi kuoa, alitembea kijiji kizima akisema mtoto wa darasa la tano amemhesabia yeye watoto kumi. Na Wangwe wa namba hamsini na moja, aliyekuwa amefunga ndoa Desemba, alipata mgeni kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa mama mkwe wake, ametoka Mabera kwa miguu, na hakutaka chai.

Mchana watu wakaanza kutengeneza milango. Mwenye namba kumi na tatu aligundua kwamba tatu hugeuka nane kwa urahisi ukiwa na rangi kidogo, akawa kumi na nane. Hamsini na tatu akawa hamsini na nane. Mwanamke wa thelathini na moja alitaka kuwa thelathini na saba, kwa sababu moja ni rahisi kuigeuza saba, lakini mwanawe akamzuia, akamwambia hiyo pia ni tasa, aongeze kidogo iwe thelathini na nne. Ikabidi watu wazima wawaulize watoto kabla ya kupaka. Watoto wakagawa, wakatoa majibu, wakarudia kugawa. Jumapili baada ya misa nilimsikia mzee ambaye hajawahi kuingia darasani akimweleza mwenzake kwamba hamsini na saba ni salama, ni kumi na tisa mara tatu, ila hamsini na tisa asiiguse. Katika miaka yangu kumi na minne ya ualimu sijaona somo likienea namna hiyo.

Mwalimu Elkana hakujua lolote. Siku hizo mbili alikuwa kwao Ndhiwa kumwona mama yake.

Jumatatu asubuhi aliegesha baiskeli, akaitwa ofisini. Nicodemus alikuwa ameshaandikiwa barua na mwenyekiti: mkutano kesho saa tatu. Nilikuwepo nikitafuta rejista yangu, ambayo nilikuwa nimeikalia. Nicodemus hakumgombeza. Alimweleza yote polepole, halafu akasogeza kiti karibu kama mtu anayetaka kuazima kitu.

"Mwalimu, sisemi uzifute zote. Lakini hii kumi na moja ya mwenyekiti, hatuwezi kuitoa?"

"Haitoki, Mwalimu Mkuu."

"Hata kwa muhula mmoja?"

Mwalimu Elkana alimwambia kwa heshima kwamba angeweza kuomba radhi, kupaka milango upya kwa mikono yake, hata kuhama akitakiwa. Lakini kumi na moja haikuanza kuwa tasa Ijumaa, na hakuna ofisi inayoweza kuigawa. Nicodemus aliniangalia mimi kutafuta msaada. Nikamwambia nimepata rejista yangu, nikatoka.

Kesho yake walikuja watu wengi kuliko wa harambee. Walikaa nyasini mbele ya ofisi, na bila kupangwa na mtu walijigawa wenyewe, tasa upande wa bendera na wengine upande wa choo. Mwenyekiti alifungua kwa maombi, akampa mwalimu nafasi ajieleze.

Alijieleza vibaya mno. Hata mimi niliyempenda kama mwenzangu kazini nilitamani anyamaze. Alisema neno hilo ni la hesabu tu, na tasa ni yule asiyeweza kugawanywa na mwingine ila na mmoja na yeye mwenyewe. Minong'ono ikapanda. Akaona hawajaelewa, akaongeza kwamba si aibu, na wako wengi kuliko watu wanavyodhani, hawaishi hata uhesabu mpaka wapi. Mama mkwe wa Wangwe akafunga leso yake kiunoni.

Hapo Nyasuguta akasimama. Alikuwa njiani kwenda soko la Isebania, na beseni lake la nyanya lilikuwa chini pembeni yake. Kila mtu alijua kwamba katika wale wote waliotajwa, aliyepigwa mahali penye kidonda ni yeye.

"Mimi ni tasa," akasema. "Hapa hakuna asiyejua, na sikuambiwa na mwalimu. Ninachotaka kuelezwa ni ishirini na tatu imekosa nini."

Nilimwona Mwalimu Elkana akibadilika uso. Nafikiri ndipo alipoelewa kwa mara ya kwanza alichokuwa amekifanya, kwamba neno alilolikuta kwenye karatasi ya sukari lilikuwa limelala nyumbani kwa mwanamke huyu miaka thelathini. Alitoka mbele akaenda mpaka alipokuwa amesimama. Akamwomba msamaha kwa sauti ndogo ambayo sisi wa nyuma hatukuisikia, ila tulimwona mama akiitikia kwa kichwa. Halafu akamwomba ruhusa atumie nyanya zake.

Walihesabu ishirini na tatu juu ya leso. Mwalimu akamwambia azipange mafungu yaliyo sawa, kama anavyofanya sokoni. Nyasuguta akapiga magoti. Akaweka mbilimbili, ikabaki moja. Tatutatu, zikabaki mbili. Nnenne, zikabaki tatu. Alipofika tanotano aliacha, akakalia visigino vyake, akaziangalia zile nyanya kama mtu anayekutana na jirani mbaya ugenini.

"Hizi ninazijua," akasema. "Hizi ndizo zinazonitesa kila soko. Unapanga huku, unapanga kule, haziingii. Mwishowe moja naila."

Mwalimu akaongeza nyanya moja. Mikono ya Nyasuguta ikaenda yenyewe: mafungu ya mbili, ya tatu, ya nne, ya sita, ya nane, bila baki. Watu walikuwa wameinuka na kusogea. Pande mbili zilichanganyika bila kujua. Mwalimu Elkana akamwambia hilo ndilo tu lililoandikwa kwenye daftari. Namba inayokubali mafungu, na namba inayokataa.

Kuanzia hapo mkutano haukuwa wa kamati tena. Watu wakaanza kumtupia Nyasuguta namba zao za milango, naye akawajibu bila hata kugusa nyanya, kwa kuangalia juu kidogo. Thelathini na tisa, mafungu matatu ya kumi na tatu. Arobaini na moja, hakuna. Arobaini na tisa, saba saba. Miaka thelathini ya soko ilikuwa kichwani mwake, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Mwalimu Elkana alisimama ameshika daftari la Damaris akifuata kwa kidole, akitabasamu kila Nyasuguta anapopatia. Kisha Wangwe akauliza ya kwake.

"Hamsini na moja," Nyasuguta akarudia. "Hiyo inaingia. Mafungu matatu, kila moja kumi na saba."

Mwalimu Elkana aliangalia daftari. Akaangalia tena. Akapiga magoti akahesabu nyanya hamsini na moja, akapanga mwenyewe, kumi na saba, kumi na saba, kumi na saba. Kwenye orodha, kati ya arobaini na saba na hamsini na tatu, ilikuwepo hamsini na moja, kwa mwandiko wa Damaris uliotoka kwenye mwandiko wake ubaoni. Mtu aliyehesabu umati wa harambee mara mbili alikuwa amekosea mbele ya watoto arobaini na watatu, na wote walikuwa wamenakili. Aliposimama alikuwa na udongo magotini. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba amekosea, kwamba Mama Damaris yuko sahihi, na kwamba nyumba ya hamsini na moja haimo na haikupaswa kuwemo.

Wangwe aliomba aandikiwe hayo na yapigwe muhuri wa shule. Nicodemus, aliyekuwa tayari kupiga muhuri chochote siku hiyo, alipiga. Mama mkwe aliikunja karatasi akaitia kifuani, akasema sasa anaweza kunywa chai.

Aliyebaki ni mwenyekiti. Mzee Maroa alikuwa ameomba nyanya kumi na moja pembeni, akaketi nazo peke yake chini ya nguzo ya bendera. Alijaribu mbili, tatu, nne. Alijaribu kuweka kubwa na ndogo. Alijaribu kuficha moja nyuma ya mguu, ila alikuwa mtu mwaminifu, akairudisha. Saa sita na nusu alifunga mkutano. Uamuzi uliandikwa na Nicodemus kwenye kitabu cha kumbukumbu, na bado upo, nimeusoma mwaka jana: Kamati imekubali kwamba kumi na moja haigawiki.

Nyasuguta hakufika sokoni siku ile. Walioshika nyanya walizinunua, wengine kwa aibu, na beseni likaisha hapo hapo. Nicodemus alipendekeza neno "tasa" lipigwe marufuku shuleni, liitwe "namba kaidi". Nyasuguta alipoulizwa maoni yake alisema libaki. Alisema amelisikia miaka mingi likisemwa nyuma ya mgongo wake, na leo ndiyo mara ya kwanza kulisikia likisemwa mbele yake bila mtu kumwonea huruma wala kumcheka.

Baada ya hapo alikuja darasa la tano kila Alhamisi, na nyanya zake. Mwalimu Elkana aliweka sheria kwamba baki inaliwa na aliyepanga. Watoto wakaanza kuzipenda namba tasa kupita kiasi. Kila mtoto alitaka apewe kumi na tisa. Mtihani wa muhula wa tatu ulipokuja, kwa Kiingereza kama kawaida, walipata thelathini na tisa kati ya arobaini na watatu. Mmoja wa waliokosa aliandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya namba isiyozaa, na msahihishaji akampa sifuri na alama kubwa ya kuuliza. Mwalimu Elkana alipanda baiskeli mpaka ofisini kwa msahihishaji kudai nusu alama. Aliipata. Alisema mtoto alikuwa amejua kitu chenyewe, jina tu ndilo lililovaa nguo nyingine.

Wale vijana wa rangi nyekundu walirudi Oktoba, na kumbe namba zilikuwa za kugawia mbegu za mtama. Walikuta kijiji kina nyumba tatu za kumi na nane na hakuna ya kumi na tatu. Walikaa siku nzima wakibishana na karatasi zao. Mwishowe walimwita mwalimu wa hesabu awasaidie kuhesabu, naye akawahesabia.

Mwaka 1996 alihamishwa. Walimpeleka shule moja upande wa Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, kuliko na watu waliotoka kila pembe ya nchi. Tulimfanyia chai ya kumuaga. Nyasuguta alilia wazi wazi, na Damaris, ambaye wakati huo alikuwa darasa la saba na akifundisha wenzake kwa ukali, alimwandikia hotuba ya kurasa nne.

Nilipata barua yake miezi mitatu baadaye. Anaendelea vizuri, watoto ni werevu, wanajua kupima vitu vidogo kuliko kucha. Kwa hiyo ameanza na sehemu, nusu na robo na thumuni. Amefanikiwa kupata kitabu kingine kutoka ng'ambo ya mpaka, kizima safari hii, na humo amejifunza kwamba namba ya juu ya sehemu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Ni maneno mazuri, yanakaa vyema mdomoni. Ijumaa amewapa watoto kazi ya nyumbani, kila mmoja aandike asili zote za nyumbani kwao, pamoja na kiasi chake. Kazi ilipokelewa kwa bidii. Wazazi wengi wamekuja kumwona, hasa wale ambao si wenyeji wa hapo, na kesho ameitwa kwa chifu. Anaamini ni kwa ajili ya kumpongeza.

Niliisoma mara mbili, nikavaa viatu, nikaenda kuuliza gari la kwanza la Masara linaondoka saa ngapi.